Jessie Field, mwalimu wa mahindi, na beji ya majani matatu

Mwezi uliopita mama mmoja alifika kwenye studio yetu akiwa na daftari ndani ya mfuko wa unga. Lilikuwa la marehemu babake, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mlezi wa klabu ya 4K. Jalada limeliwa na mchwa pembeni, lakini ndani majina ya watoto bado yanasomeka, na mbele ya kila jina mwalimu ameandika nambari ya ploti, kilichopandwa na kilichovunwa. Mama huyo alikuwa anahama nyumba. Alitaka tumwambie kama daftari lile lina faida kwa mtu yeyote, au alichome pamoja na makaratasi mengine.

Tulimwomba asilichome. Halafu, kama kawaida yetu, tukazungumza hewani kabla ya kufikiri sana, tukaahidi kwamba tutaeleza 4K ilitoka wapi. Simu zilizoingia asubuhi ile zilituonyesha mambo mawili. Wasikilizaji wenye mvi wanaikumbuka klabu hiyo kama wanavyokumbuka uji wa shule. Vijana nao wanadhani ni jina la kioo cha televisheni.

Kwa hiyo kwanza tuwaelezee vijana. K nne ni za Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Klabu hizi zilianza mashuleni mapema katika miaka ya 1960, nchi ikiwa inaingia uhuru. Watoto walikuwa na bustani ya shule, wakafuga kuku na sungura, wakajifunza kupanda kwa mstari wakati majirani wengi bado walikuwa wanatupa mbegu tu. Baadaye zikafifia, shule nyingi zikabaki na jembe moja ghalani na hakuna anayekumbuka ni la nini. Mwaka 2021 serikali ikazifufua.

Mfano wa 4K ulitoka Marekani, kwenye klabu za watoto wa mashambani zinazoitwa 4-H. Kule herufi H nne zinasimama kwa maneno ya Kiingereza ya kichwa, moyo, mikono na afya. Ukiifuata 4-H kurudi nyuma, unakutana na watu kadhaa, na mmoja wao ni mwalimu wa kike ambaye watu wa kwao wanamwita Mama wa 4-H. Jina lake ni Jessie Field. Tumeamua kumwandikia yeye, na sababu itaonekana mbele kidogo.

Binti wa mkulima wa Shenandoah

Jessie alizaliwa tarehe 26 Juni 1881 karibu na mji mdogo wa Shenandoah, katika kaunti ya Page, jimbo la Iowa. Iowa iko katikati ya Marekani, na ukitaka kuifikiria, fikiria Trans Nzoia isiyo na mlima, mahindi mpaka upeo wa macho, na baridi kali inayofunika shamba kwa theluji miezi kadhaa. Wazazi wake walikuwa wakulima na nyumba ilikuwa na watoto wengi. Baba alikuwa na tabia ya kwenda kwenye mikutano ya wakulima, ambako wataalamu na wahariri wa magazeti ya kilimo walizungumza juu ya mbegu, udongo na mifugo. Alimchukua binti yake. Wakati huo mambo hayo yalihesabiwa kuwa ya wanaume, lakini Jessie akakaa kati ya wazee wenye kofia, akasikiliza. Mmoja wa waliozungumza alikuwa Henry Wallace, mhariri wa gazeti la kilimo, ambaye wakulima wa Iowa walimwita Mjomba Henry. Jina hilo la Wallace tulishike, litarudi.

Alisoma chuo cha ualimu palepale mjini kwao, kisha chuo cha Tabor, mji jirani, akahitimu mwaka 1903. Lakini kabla ya kuhitimu, mwaka 1901, akiwa hajafikisha hata miaka 21, alifundisha katika shule ya kijijini iliyoitwa Goldenrod. Hilo ni jina la ua la manjano linalojiotea kando ya njia.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Shule za mashambani za Marekani za wakati huo zilikuwa hivyo. Nyumba ya mbao, jiko la kuotea moto, mwalimu mmoja, na watoto wa madarasa yote wamekaa pamoja, mdogo anayejifunza herufi na kijana anayeanza kuota ndevu. Vitabu vilikuwa vya mjini. Hesabu zilihusu wafanyabiashara wa vitambaa na riba za benki. Wakati wa mavuno wavulana wakubwa walipotea wiki nzima, maana mahindi hayangoji, na wakirudi walikuwa wameachwa nyuma. Wengi waliona shule ni kitu cha kumaliza ili uondoke shambani uende mjini. Wazazi wenyewe waliona hivyo. Msikilizaji wetu atasema hiyo habari anaijua.

Mwalimu Jessie alifanya jambo ambalo leo linaonekana dogo. Baada ya masomo alibaki na wavulana wakaunda klabu ya mahindi, na wasichana wakaunda klabu ya mambo ya nyumbani. Wavulana walileta mahindi kutoka ghala za baba zao wakayachunguza mezani. Wasichana walishona, walipika, walihifadhi matunda. Hatutajifanya hatuoni mgawanyo huo. Ulikuwa wa wakati wake. Hata hivyo shuleni yule aliyejua mahindi kuliko wote alikuwa ni mwanamke, na wavulana walilijua hilo.

Baada ya hapo alifundisha mbali na kwao, Wisconsin, kisha Montana kwenye milima ya magharibi, ambako alikuwa mwalimu mkuu. Mwaka 1906 akarudi Page, akachaguliwa kuwa msimamizi wa shule za kaunti nzima. Alikuwa na miaka 25. Tunasema alichaguliwa, na waliomchagua walikuwa wanaume, kwa sababu wanawake wa Marekani hawakupata haki ya kupiga kura nchi nzima mpaka mwaka 1920.

Sanduku la mchanga

Chini yake kulikuwa na shule 130, karibu zote za chumba kimoja. Ukitembelea moja kila siku ya masomo, mwaka wa shule unakaribia kwisha. Alizitembelea kwa gari la farasi, na kila alikofika aliacha klabu. Kile alichojaribu Goldenrod akakipeleka kaunti nzima.

Tukae kidogo kwenye mahindi, maana hapa ndipo wasikilizaji wetu watakapomwelewa vizuri.

Wakati huo hapakuwa na mfuko wa mbegu wa kununua dukani kama leo. Mkulima alichagua mbegu katika mavuno yake mwenyewe, akaning'iniza mahindi bora darini, akayapanda msimu uliofuata. Tatizo ni kwamba baridi ya Iowa inaweza kuua uhai wa punje huku hindi likiwa bado linapendeza kwa macho. Mkulima anapanda akiwa na imani, halafu mistari mizima haioti. Hindi moja lina punje mia kadhaa, kwa hiyo mahindi machache mabovu yanatosha kuacha vipara shamba zima.

Profesa mmoja wa chuo cha kilimo cha Iowa, Perry Holden, alikuwa amezunguka jimbo lote kwa treni akihubiri dawa ya jambo hili, na dawa yenyewe mtoto angeweza kuifanya. Unachukua sanduku, unatia mchanga au maranda yaliyoloweshwa, unaligawa kwa kamba kuwa viraba vyenye nambari. Kila hindi unalipa nambari. Unatoa punje sita sehemu mbalimbali za hindi hilo, unaziweka kwenye kiraba chake, unafunika, unaweka mahali penye joto. Baada ya kama wiki moja unafunua. Zikiota zote sita, hindi hilo ni mbegu. Zikiota tatu, hindi hilo ni la nguruwe.

Jessie Field aliliweka sanduku hili darasani. Mtoto alipima mahindi ya baba yake, akahesabu asilimia, akarudi nyumbani na karatasi yenye nambari. Hebu fikiria chakula cha jioni hicho. Baba amelima miaka thelathini, na mtoto wa miaka kumi na mbili anamwambia kwamba sehemu ya mbegu aliyoitunza darini imekufa. Kuna wazazi waliokasirika, na kuna waliokwenda ghalani kimyakimya wakatoa yale mabovu. Hesabu zilipata mwenyewe, na kusoma kukawa na kazi. Aliandika hata kitabu cha hesabu za shambani, cha kupigia hesabu mahindi, maziwa na udongo badala ya vitambaa vya watu wa mjini.

Lakini tuwe wakweli, maana wataalamu wa wakati huo walikosea pia. Pamoja na kupima uhai wa mbegu, watoto walifundishwa kushindanisha mahindi kwa sura. Hindi bora lilitakiwa liwe limenyooka, mistari sawasawa, limejaa punje mpaka kwenye ncha. Kulikuwa na maonyesho na zawadi. Kijana mmoja wa shule akashuku. Alikuwa mjukuu wa yule Mjomba Henry, naye aliitwa Henry Wallace. Alichukua mahindi yaliyoshinda na yaliyoshindwa, akayapanda kila moja mstari wake, akapima mavuno. Uzuri wa hindi haukuwa na uhusiano na mavuno. Baadhi ya yaliyodharauliwa yalizaa kuliko ya zawadi. Kijana huyo baadaye akaanzisha kampuni ya mbegu chotara mwaka 1926, na mwaka 1941 akawa makamu wa rais wa Marekani.

Hatusemi hivi kumpunguza Mwalimu Jessie. Mtoto aliyezoea kupima ndiye anayeweza kugundua kwamba mwalimu wake amekosea, na klabu za mahindi zilizoesha watoto kupima. Hapa kwetu mbegu chotara ya kwanza kutoka Kitale, H611, ilitoka mwaka 1964, miaka ileile watoto wa 4K walikuwa wanapima ploti zao kwa kamba. Katika daftari la yule mama, kuna safu nzima iliyoandikwa uzito wa mavuno kwa kila mtoto.

Beji

Sasa tunafika kwenye sababu ya kumchagua yeye.

Mwaka 1910 Jessie Field alibuni beji ya klabu za kaunti yake. Ilikuwa na umbo la jani la klova, ule mmea mdogo wa malisho unaotambaa. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanawajua jamaa zake, lusini na desmodiamu, wanaorudisha nguvu ya udongo. Jani la klova kwa kawaida lina sehemu tatu. Kwenye kila sehemu aliweka herufi H, ya kichwa, ya moyo na ya mikono, na katikati jina la kaunti, Page. Mtoto hakupewa beji kwa kujiandikisha tu. Alipewa akimaliza kazi aliyojiwekea na kuileta ionekane.

Beji ni kitu kidogo cha chuma. Mtu anaweza kuivaa siku ya maonyesho, akaiweka kwenye kikopo cha vifungo, akaolewa nayo, akahama nayo. Ripoti za ofisi hutupwa wakati ofisi inapakwa rangi. Beji hubaki kwenye kikopo cha nyanya mpaka mjukuu anaiona na kuuliza.

Mwaka huohuo wa 1910 aliandaa kambi ya wavulana, wakalala kwenye mahema, wakasomea mahindi na mifugo mchana, wakacheza jioni. Wasichana nao wakapata kambi yao baadaye. Na mwaka 1911 kikachapishwa kitabu chake kinachosimulia kazi ya mwalimu wa kijijini kwa njia ya barua ambazo binti anamwandikia baba yake. Kinaitwa The Corn Lady, yaani Bibi wa Mahindi. Ndani yake mwalimu anaeleza alivyoanza klabu, alivyopata vifaa, alivyowashawishi wazazi. Walimu wa majimbo mengine walikisoma kama kitabu cha maelekezo. Kwa wanahistoria kimekuwa kitu kingine, maana ni ushahidi wa mtu aliyekuwepo, ulioandikwa wakati kazi yenyewe bado ina vumbi.

Kwa hiyo alipoondoka Page mwaka 1912 aliacha beji mikononi mwa watoto na kitabu mikononi mwa walimu. Vitu hivyo viwili vilimsaidia baadaye kuliko cheo chake.

Nani alianza?

Ukiwauliza Wamarekani 4-H ilianzia wapi, utazua ubishi kama wa wazee wetu kuhusu ni ukoo gani ulifika kwanza mtoni.

Watu wa Ohio watakuambia ilianzia mji wa Springfield, tarehe 15 Januari 1902, ambapo msimamizi wa shule aitwaye A. B. Graham alikusanya watoto wapatao 85 kwenye chumba cha chini cha jengo la mahakama. Watu wa Illinois watamtaja Will Otwell, aliyegawa mbegu za mahindi kwa wavulana wa kaunti ya Macoupin karne ilipokuwa inageuka. South Carolina watamtaja Marie Cromer, mwalimu aliyeanzisha klabu ya nyanya ya wasichana mwaka 1910. Na ndani ya Iowa yenyewe kuna kaunti ya Wright, ambako mwaka 1906 watoto wa shule walimpa msimamizi wao, O. H. Benson, shada la klova zenye majani manne, ambazo ni adimu na huhesabiwa kuwa bahati njema. Benson akalifanya jani hilo kuwa alama. Baadaye alihamia wizara ya kilimo mjini Washington, na mwaka 1911 viongozi wa klabu walikubaliana nembo iwe klova ya majani manne, H ya nne ikiwa ya afya. Mwaka 1914 sheria ya ugani wa kilimo ikaziingiza klabu kwenye mfumo wa serikali pamoja na vyuo vya kilimo, na kutoka hapo zikaenea nchi nzima.

Sisi tunaona ubishi huu hauna mshindi na hauhitaji mshindi. Walimu waliokuwa mbali na mbali, wengi bila kujuana, waliona tatizo lilelile na wakaokota dawa inayofanana. Kinachotugusa ni kwamba majina yanayobishaniwa ni ya wale walioacha kitu nyuma yao. Graham aliacha tarehe na mahali. Benson aliacha nembo na alikuwa na ofisi ya Washington ya kumwandikia. Jessie Field, ambaye aliondoka kwenye kazi ya kaunti kabla klabu hazijawa za taifa, aliacha beji na kitabu. Walimu wa zile shule 130 walibaki kila siku na sanduku la mchanga na watoto wenye njaa, na wao tunawajua kwa idadi tu.

Na kuna waliopotea zaidi. Katika majimbo ya kusini, watoto weusi waliwekwa kwenye klabu zao peke yao, na kambi zao peke yao, mpaka miaka ya 1960. Walikuwa na maafisa wao wa ugani, kazi iliyoanzia chuo cha Tuskegee mwaka 1906 kwa kijana aitwaye Thomas Campbell, aliyezunguka na gari la kukokotwa lililojaa vifaa vya kufundishia kilimo. Ubaguzi ulipopigwa marufuku kisheria, klabu ziliunganishwa, na mara nyingi zilizomezwa zilikuwa zile za weusi. Viongozi wao walishushwa vyeo. Wengi waliokuwa watoto kwenye kambi zile leo ni wazee, na historia ya kambi zao imo vichwani mwao kuliko ilivyo kwenye kabati lolote.

Tunapoandika hivyo tunajua tunajisema na sisi. Miaka michache iliyopita tulirekodi mazungumzo ya saa mbili na walimu wastaafu waliokuwa walezi wa 4K. Tulirusha dakika ishirini. Yaliyobaki tuliyaacha kwenye kompyuta ya studio, kompyuta ikaharibika, fundi akaifuta akaanza upya, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameweka nakala. Wawili kati ya walimu wale wamekwisha fariki. Mmoja alikuwa ameeleza jinsi klabu yake ilivyochimba kisima cha shule. Dakika hizo hazikuwa kati ya zile ishirini.

Familia ya redio

Kutoka Page, Jessie alikwenda New York kufanya kazi na chama cha kitaifa cha wanawake vijana wa Kikristo, akishughulikia wasichana wa vijijini na miji midogo. Alifanya kazi hiyo kwa miaka mitano na akaandika vitabu vingine. Mwaka 1917 aliolewa na mfanyabiashara aitwaye Ira Shambaugh, akarudi kaunti ya Page, safari hii katika mji wa Clarinda. Kuanzia hapo watu wanamfahamu kama Jessie Field Shambaugh. Alilea watoto, akashughulika na mambo ya mji, na hakuwa tena na cheo chochote katika klabu alizozianzisha. Miaka mingi ya maisha yake ilipita hivyo, na haina mengi ya kusimulia hewani.

Ila kuna jambo la ukoo wake ambalo lilitufanya tusimamishe kazi tuliyokuwa tukifanya. Kaka yake, Henry Field, alikuwa mwuza mbegu wa Shenandoah. Mwaka 1924 alifungua kituo cha redio, KFNF, ili kuzungumza na wakulima na, tuseme ukweli, kuwauzia mbegu. Dada yao Helen alitangaza mambo ya maua na bustani. Alikuwa pia na kipindi cha akina mama, na mwaka 1926 akamkabidhi dada mwingine, Leanna. Leanna alipata ajali ya gari mwaka 1930 iliyomwumiza mgongo na kumwacha kwenye kiti cha magurudumu. Akaendelea kutangaza akiwa nyumbani, juu ya mapishi, watoto na habari za familia, na kipindi hicho kikaendelea kwenye redio kwa karibu miaka 60, wanawake wa mashambani wakikifungulia huku wakikanda mikate.

Kwa hiyo ukoo mmoja wa kaunti moja ulitoa klabu ya watoto wa wakulima na redio ya wakulima. Sisi tunaokaa nyuma ya maikrofoni kwenye kituo kidogo cha mashambani tunamwona Jessie kama shangazi. Na tofauti kati yake na ndugu zake inatufundisha kazi yetu. Sauti ya redio ikishatoka imetoka. Mamia ya vipindi vya mwanzo vya ndugu zake vilipita hewani na upepo. Leanna alijua hilo, maana alikuwa pia na jarida lililochapisha mapishi na barua za wasikilizaji, na wanawake wakalitunza kwenye droo za jikoni.

Shule iliyohamishwa

Shule za chumba kimoja za Iowa zilifungwa kadiri barabara na mabasi yalivyokuja. Majengo yakageuzwa ghala za mahindi, mabanda ya kuku, kuni. Goldenrod ingeweza kwisha hivyo. Lakini katika miaka ya 1960 watu wa kaunti ya Page waliliinua jengo lile zima wakalihamishia Clarinda, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, likawa makumbusho ya klabu ambayo ilianzia ndani yake. Baadaye likahamishiwa kwenye makumbusho ya historia ya mji huo, na liko huko.

Jessie Field Shambaugh alifariki Clarinda mwezi Januari 1971, akiwa na miaka 89. Miaka sita baadaye jimbo la Iowa lilimwingiza kwenye orodha yake ya wanawake wa heshima. Kwa hiyo aliishi kuona ile nyumba ya mbao aliyofundisha akiwa msichana ikitunzwa, mbali na barabara aliyokuwa akipita kwenda kazini, lakini ikiwa bado imesimama.

Hapa kwetu hatuna jengo la kuhamisha. Tuna daftari la mfuko wa unga. Tumelipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu ya kawaida, mchana, karibu na dirisha, bila kumulika taa. Picha ziko sehemu tatu sasa, kwenye kompyuta ya studio, kwenye simu ya mmoja wetu, na kwenye kadi ya kumbukumbu aliyopewa mama mwenye daftari, pamoja na daftari lenyewe, ambalo ni lake. Siku ya Alhamisi jioni tutasoma majina yaliyomo hewani, moja moja, na ploti ya kila mmoja. Ukisikia lako, au la babako, tupigie kipindi kikiendelea utuambie kama ile ploti namba 9 kweli ilitoa kabichi zote zile, maana tumezihesabu mara mbili na bado tunashangaa.